Mdhamini mwenzako akichomolewa

Na Zuhura Kimaro

Kuna jambo linaloweza kumalizwa kimyakimya ofisini kwa meneja wa SACCOS, na maumivu yake yakaonekana siku ya mshahara. Watu watatu wamemdhamini mwenzao, mkopaji kaacha kulipa. Mdhamini mmoja, pengine shemeji yake mjumbe wa bodi, anaandika barua kuomba jina lake litolewe. Linatolewa. Mwisho wa mwezi wawili waliobaki wanakuta makato yamepanda, na wakihoji wanajibiwa, "Si mlisaini wenyewe?"

Walisaini, kweli. Na kwa Tanzania, ile hoja ya mtaani kwamba akiachiwa mmoja wameachiwa wote haitawafikisha mbali mahakamani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 kwa kuifuata kwa karibu sheria ya India ya 1872, inatamka kwamba kumwachia mdhamini mmoja hakuwaachii wenzake. Kanuni ya zamani ya Uingereza ilikwenda kinyume: ukimfutia mmoja wa wadaiwa wa pamoja, umewafutia wote. Majirani zetu wa Kenya, ambao Sura yao ya 23 inafuata kanuni za mikataba za Waingereza, bado wana pa kubishania.

Lakini sheria yetu hiyohiyo ina nusu ya pili, na hiyo meneja hatakusomea. Aliyeachiwa na mkopeshaji hajaachiwa na wadhamini wenzake. Tuseme limebaki deni la shilingi milioni 9, na wote watatu walidhamini kwa usawa. Fungu la kila mmoja ni milioni 3. Wawili wakibanwa hadi wakalipa milioni 4.5 kila mmoja, wana haki ya kumfuata yule aliyechomoka awarudishie milioni 3, yaani milioni moja na nusu kwa kila mmoja. Barua yake yenye muhuri inamkinga dhidi ya SACCOS tu. Kwenu ninyi haina kazi.

Akiachiwa mkopaji mwenyewe, mambo yanageuka. Mkopeshaji akiingia naye mkataba wa kumfutia deni, au wakakubaliana kumwongezea muda bila ridhaa yako, wewe mdhamini umetoka. Kuchelewa tu kumshtaki hakukutoi. Na kama aliweka gari dhamana, kisha akarudishiwa kadi yake bila wewe kukubali, mzigo wako unapungua kwa thamani ya gari hilo. Tatizo ni kwamba fomu ya udhamini inaweza kukunyang'anya kinga hizi kwa sentensi moja, na wengi wetu tunaisaini tukiwa tumesimama, kalamu ya kuazima, mkopaji akituharakisha kwamba mhasibu anafunga.

Sioni haja ya kulisumbua Bunge. Masharti ya chama yanatosha, na masharti hayo ni mali ya wanachama. Mkutano mkuu ujao pelekeni hoja hii: mdhamini asitolewe mpaka wenzake wamejulishwa kwa maandishi, na akitolewa, fungu lake lipunguzwe kwenye deni wanalodaiwa waliobaki. Bodi ikikataa, iulizwe mbele ya wanachama wote ni nani alitolewa mwaka jana, na kwa sababu gani.