TAHARIRI: KABLA YA KUHESABU HELA, HESABU WENYE NYUMBA



Malipo ya korosho yameanza kuingia, na kila jioni hapa kwenye benchi la ghala maneno ni hayo hayo. Huyu anatafuta nyumba, yule ameonyeshwa kiwanja kando ya barabara, mwingine amechoka kukaa uani kwa baba yake. Jambo hilo ni jema. Mtu mwenye mke na watoto watatu hawezi kubanana chumba kimoja na mbuzi wa wazee miaka yote. Hatumkatazi mtu kununua nyumba. Tunachosema ni kwamba watu wetu wanaanzia mwisho: hela kwanza, maswali baadaye.

Mfano tunao hapa hapa, na wengi mnaujua, kwa hiyo majina hatuyataji. Msimu uliopita mwanaushirika mmoja aliuziwa nyumba ya tofali za kuchoma, bado ya nyasi, jirani na mashine ya kusaga. Bei walipatana shilingi milioni tatu. Milioni mbili zilitoka siku ile ile, zikahesabiwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na karatasi ya daftari ikaandikwa. Sisi wa ofisi hii tulikuwa tunapita, tukaitwa tuwe shahidi. Tukaisoma ile karatasi, tarehe ipo, bei ipo, majina yapo, tukatia sahihi. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo tuna ugonjwa mmoja: karatasi ikisomeka vizuri tunadhani imekwisha kuwa kweli.

Mke wa muuzaji siku hiyo alikuwa msibani kwao. Aliporudi alikuta vijana juu ya kenchi wanapima bati. Akauliza, nyumba ya nani hii? Akaingia ndani, akawasha moto, akapika. Hajatoka mpaka leo.

Watu wengine wanasema eti mama yule ni mkorofi. Ndugu zetu, mama yule ana sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuuza nyumba wanayoishi, wala kuigawa zawadi, wala kuiweka rehani, bila mwenzake kukubali, hata kama aliyejenga ni mmoja. Akiiuza kwa siri, yule mwenzake ana haki ya kuendelea kukaa humo maadamu ndoa ipo na mahakama haijaamua vingine. Mnunuzi anaweza kujitetea tu akionyesha kwamba hakujua, na kwamba hata angeuliza kwa bidii asingejua. Sasa katika kijiji hiki nani atasema hakujua kuwa fulani ana mke? Tunachota maji kisima kimoja!

Kwa hiyo anayetaka kununua aanze kwa kuuliza nani na nani wanalala katika nyumba hiyo. Mke aitwe, aseme kwa kinywa chake, na sahihi yake iwemo. Kama ni nyumba ya marehemu, waitwe watoto wote, na wale walio mjini wapigiwe simu. Simu siku hizi kila nyumba ipo. Awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama; kaka mkubwa kusema tu kwamba yeye ndiye mkubwa hakutoshi.

Baada ya watu, mipaka. Usionyeshwe mpaka ukiwa umesimama mlangoni. Tembea pande zote nne pamoja na majirani wote wanaopakana, mnyaa kwa mnyaa, na hatua zihesabiwe na kuandikwa. Tumeshaona mkorosho mmoja ukiuzwa kwa watu wawili, huyu kwa upande wa mashariki na yule kwa upande wa magharibi. Nyumba yenyewe ikague wakati wa mvua, maana kiangazi kila nyumba ni nzuri. Tazama maji yanakopita, na gonga miti ya kenchi usikie kama mchwa wameshakula.

Halafu ndiyo tunafika ofisini. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Mtu anachouza ni nyumba yake na haki ya kuitumia ardhi ile. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeiweka chini ya Halmashauri ya Kijiji, na mauziano yanatakiwa yapitie hapo. Na hapa tuelewane vizuri. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni siyo Halmashauri. Halmashauri ni kikao, kina wajumbe na mihtasari, na jambo lako lisomeke ndani ya muhtasari huo. Katibu wa chama naye, yaani sisi, hatuna mamlaka yoyote ya kuuza ardhi. Sahihi yetu ni ya shahidi tu, na mmeshaona thamani yake.

Vijana wengine hawana haja ya kununua kabisa. Mwanakijiji asiye na kiwanja anaweza kuiomba Halmashauri, nayo ikipata kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji inaweza kumgawia kama ardhi ipo. Baadaye anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili. Njia hii ni ya polepole, inakera, lakini zile milioni zinabaki kwa ajili ya saruji.

Wanaotaka viwanja vya mjini mambo yao ni mengine. Kiwanja kilichopimwa kina namba na kitalu. Chukua namba hiyo uende ofisi ya ardhi, ukaulize kimeandikwa jina la nani, kama kina rehani ya benki, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Dalali akikwambia huna haja ya kwenda, basi nenda siku hiyo hiyo.

Hela zenyewe zisitolewe juu ya ndoo. Zipite benki au kwenye simu, ili njia zilikopita ijulikane. Asiyejua kusoma asomewe mkataba na mtu wake mwenyewe, asisomewe na muuzaji, ndipo aweke dole gumba.

Shauri lile sasa liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao wanawake watatu. Kazi yao ni kusuluhisha, na wameshakaa mara mbili. Likishindikana linaweza kufika hadi wilayani, ambako nauli tu ni mzigo. Muuzaji yuko mjini na simu yake haipatikani. Sisi tumeitwa kueleza tulichoona siku ile, na tutakwenda kusema kweli kwamba tuliona karatasi, mke hatukumuuliza. Bati za ndugu yetu, ishirini na nane, tumemhifadhia ndani ya ghala la ushirika, upande wa magunia matupu. Watoto wasizipande.

Katibu