AFYA YETU: Mtoto Hurithi kwa Baba na kwa Mama Sawasawa

Karani mmoja aliyeko Korbesa, katika Kaunti ya Isiolo, ametuletea barua ambayo twaona yafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Asema kuwa jirani yake ni mwalimu, mtu wa sehemu za Ziwa Victoria, ambaye anakaa huko pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili. Mtoto huyo huvimba vidole vya mikono na vya miguu, macho yake huwa ya manjano, naye hulia usiku kwa maumivu ya mifupa. Hospitalini wazazi wameambiwa kuwa ni ugonjwa wa selimundu. Sasa ndugu za mwalimu wameandika kwamba katika ukoo wao ugonjwa huo haujapata kuonekana, kwamba mama ndiye aliyeuleta, na kwamba afadhali arudishwe kwao. Karani wetu auliza: Je, maneno hayo ni kweli? Nami nimwambie nini jirani yangu?

Swali la kwanza twalijibu mara moja: maneno hayo si kweli. Lakini mtu akiambiwa tu kuwa jambo si kweli, asielezwe sababu yake, hurudia lile alilolizoea. Kwa hiyo twaomba wasomaji watuvumilie kidogo, tuanze mbali kidogo na kitanda cha mtoto huyo.

Mfugaji wa Korbesa anapochagua dume la kupandisha ng'ombe wake, hatazami pembe na nundu peke yake. Huuliza pia habari za mama yake: alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, na wakati wa ukame alistahimili namna gani. Dume mwenyewe hatoi maziwa hata tone moja. Hata hivyo mfugaji ajua kuwa ndani ya dume huyo limo jambo lililotoka kwa mama yake, ambalo kwake halionekani, nalo litakuja kuonekana kwa binti zake. Basi msomaji aliyeelewa jambo hilo amekwisha elewa nusu ya habari yetu ya leo: kiumbe aweza kubeba asichokionyesha, na kukipitisha kwa wazao wake.

Mtu wa kwanza kuyahesabu mambo haya kwa utaratibu alikuwa mtawa mmoja, Gregor Mendel, wa mji wa Brno, ambao sasa uko katika nchi ya Cheki. Mwaka 1865 aliwasomea wenzake habari za njegere alizozipanda bustanini kwa miaka mingi. Alikuwa amechanganya njegere ndefu na fupi, na kizazi cha kwanza kikatoka kirefu chote. Mtu angedhani ya kuwa ule ufupi umekwisha potea. Lakini alipozipanda mbegu za kizazi hicho, ufupi ulirudi: kwa kila mimea mitatu mirefu, kama mmoja hivi ulikuwa mfupi. Ufupi haukuwa umepotea. Ulikuwa umejificha tu.

Kitu hicho kijifichacho leo chaitwa jeni. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na ndani ya chembe hizo zimo nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Nyuzi 23 mtu amezipata kwa baba yake, na 23 kwa mama yake. Kila uzi umefanywa kwa kitu kiitwacho DNA, ambacho umbo lake lilijulikana mwaka 1953, nacho ni mfano wa maandiko marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Jeni ni kama fungu moja la maandiko hayo, lenye amri moja ya kuujenga mwili. Mtu anazo jeni kama 20,000 hivi, na karibu zote anazo mbili mbili: nakala moja ya baba na nakala moja ya mama.

Sasa na turudi kwa mtoto wetu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Iko jeni moja yenye amri ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini hiyo, nayo sehemu hiyo ni kama mnyororo wenye viungo 146. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika, na kwa ajili yake kiungo cha sita cha mnyororo kimekuwa kingine. Jambo hilo la kiungo kimoja liligunduliwa na Vernon Ingram huko Uingereza, katika miaka ya 1956 na 1957. Kosa ni dogo kama kosa la karani aandikaye "mbuzi" mahali pa "mbuni". Lakini barua nzima yapotoka.

Chembe nyekundu iliyo nzima ni ya mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba bila taabu, nayo huishi siku 120 hivi. Chembe ya mgonjwa hujikunja ikawa kama mundu wa kuvunia, huwa ngumu, hukwama mishipani na kuzuia damu, na hapo ndipo yatokeapo maumivu ya mifupa. Tena hufa upesi, pengine baada ya siku 10 au 20 tu, ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huwa ya manjano. Katika miezi ya kwanza mtoto hana dalili, kwa kuwa bado anayo hemoglobini ya namna nyingine, ile aliyokuwa nayo tumboni. Kwa hiyo watu humwona amezaliwa mzima, kisha akaugua, wakatafuta mtu wa kumlaumu.

Hapa ndipo penye jibu kwa ndugu za mwalimu. Mwenye nakala moja nzima na nakala moja yenye kosa si mgonjwa. Hulima, huchunga, husoma, huzeeka, asijue kamwe kuwa amebeba kitu. Ili mtoto augue ugonjwa huu kama alivyougua mtoto huyu, yampasa apokee nakala yenye kosa kwa baba, na nyingine kwa mama. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto nakala zote mbili. Ukoo usemao kuwa haujapata kuona ugonjwa huu husema kweli juu ya macho yao. Lakini jeni haionekani kwa macho, kama maziwa yasivyoonekana kwa dume.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, hesabu yake ni hii. Katika kila mimba, bahati ni moja kwa nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Mbili kwa nne kwamba atakuwa mbebaji mwenye afya kama wazazi wake. Na moja kwa nne kwamba hatachukua kosa hata kidogo. Wasomaji waangalie sana: hesabu hii huanza upya kila mimba. Si kwamba mtoto mmoja akiugua, basi watatu wafuatao wamesalimika. Ni kama kurusha shilingi. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini ugonjwa huu waonekana sana kwa watu wa ziwani na pwani, na kwa nadra katika nchi kavu kama ya Korbesa? Jibu la swali hilo lilipatikana hapa hapa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Oxford, alizunguka akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kuwa karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria wabebaji walipita 20 katika kila watu 100, lakini katika nyanda za juu na nchi kavu hawakufika hata mmoja. Akatambua kuwa penye wabebaji wengi ndipo penye malaria nyingi, na mwaka 1954 akatangaza kuwa mbebaji wa nakala moja hukingwa na malaria. Baadaye watafiti wa Kilifi walithibitisha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali yakaribia sehemu tisa katika kumi. Basi jeni hii si laana. Ni ngao ambayo mababu walipewa katika nchi ya mbu, na gharama yake hulipwa na wale watoto wachache waliopata nakala mbili.

Wafugaji nao wana urithi wao wa namna hiyo. Watu wazima wengi ulimwenguni hawawezi kunywa maziwa mengi bila kuumwa na tumbo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza habari za watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa katika Afrika ya Mashariki yametokea mabadiliko ya herufi yanayomwezesha mtu mzima kulimeng'enya ziwa kama mtoto. Nchi na chakula cha wazee wetu vimeandikwa katika damu yetu.

Lakini twataka kuonya. Si kila ugonjwa wa nyumba moja ni wa urithi. Katika nchi ya mifugo uko ugonjwa wa brusela, uletao homa za kurudiarudia na maumivu makali ya viungo. Waweza kumshika baba, mama na watoto, na watu wakasema ni wa ukoo. Sivyo: umetoka katika kibuyu, kwa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Dawa yake ipo, na kinga yake ni kuchemsha maziwa. Maumivu yaweza kufanana, lakini moja latoka chunguni na jingine latoka kwenye jeni, na kipimo cha damu ndicho kiwezacho kuyatenganisha. Mtu asikisie.

Juu ya mtoto mwenyewe, mwalimu asikate tamaa. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hukua wakiangaliwa vema. Apewe maji ya kunywa mara kwa mara, na zaidi katika joto la Korbesa. Asichezeshwe juani mchana kutwa, wala asiachwe katika baridi ya alfajiri. Alale ndani ya chandarua kila usiku, kwa maana mwenye nakala mbili malaria humwumiza vibaya mno. Apate chanjo zote. Madaktari huwapa watoto hawa penisilini kila siku mpaka watimize miaka mitano, na vidonge vya foliki vya kusaidia damu. Iko pia dawa iitwayo hidroksiurea, ambayo ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo. Nayo hutolewa kwa uangalizi wa daktari tu. Mtoto akipata homa, akipumua kwa shida, au akiwa mweupe ghafula, apelekwe hospitali siku ile ile, wala isingojwe kesho.

Twakumbuka tena neno moja la Waborana. Desturi yao tangu kale ni kuwa taifa lina nusu mbili, Sabbo na Gona, na mtu wa nusu moja hutafuta mchumba katika nusu ya pili. Ni desturi ya hekima, kwa sababu humweka mtu mbali na kuoa katika damu ya baba yake. Lakini nusu hizo huhesabiwa kwa baba, na jeni huhesabiwa kwa wote wawili. Siku hizi watu huoana toka mbali, karani wa Isiolo na binti wa Kisumu au wa Malindi. Hakuna ubaya. Twashauri tu kwamba wachumba wapimwe damu kabla ya arusi, si ili wakatazwe kuoana, bali waijue hesabu yao mapema na mtoto wao apimwe akiwa angali mchanga.

Sasa, Bwana Karani, umeuliza umwambie nini jirani yako. Mwambie kwanza aketi na mkewe, amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kuwa jambo hili limetoka kwao wote wawili. Maneno hayo yatamfaa mama huyo kabla ya dawa yo yote. Kisha na awaandikie ndugu zake, tena asiandike kwa hasira: awaeleze kuwa kwa ugonjwa huu nakala moja imetoka upande wao, na kwamba ni nakala ile ile iliyowaokoa wazee wao katika homa za ziwani. Na kama yuko ndugu mdogo anayetaka kuoa, aende akapimwe kwanza. Mke akirudishwa kwao, mtoto hatapona. Atabaki na ugonjwa ule ule, naye atakuwa amempoteza mlezi ajuaye saa za dawa yake.