Miti ya Aprili Mosi na Wanafunzi wa Shule za Msingi

Mhariri,

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, inayoadhimishwa Aprili 1 kila mwaka, ndiyo imekuwa somo kuu la mazingira kwa vitendo katika shule nyingi za msingi Tanzania, na hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa tarehe ni moja kwa nchi nzima ilhali mvua hazinyeshi kwa kalenda moja. Pwani, ambako masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, mche uliopandwa siku hiyo hupata nafasi ya kushika mizizi. Lakini Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja tu wa mvua unaokoma Aprili, mche huingia ardhini mvua inapoaga, kisha huachiwa kiangazi cha miezi isiyopungua sita.

Yanayofuata wazazi wanayajua. Mgeni rasmi hushika mche, picha hupigwa, na viriba, yaani vifuko vya plastiki vinavyooteshewa miche, huachwa vikipeperuka kando ya mashimo, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019. Juni shule hufungwa bila yeyote kupangiwa zamu ya kumwagilia, na mbuzi humalizia kilichosazwa na jua. Mwanafunzi arudipo Julai na kukuta kijiti kikavu, amefundishika barabara, ila alichofundishwa ni kwamba mti hupandwa kwa ajili ya wageni.

Mwamko wa mazingira, yaani mazoea ya mtu kujiona anahusika na uhai wa vitu vinavyomzunguka, hauwezi kuota katika sherehe ya asubuhi moja. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililenga kazi za shamba la shule ambazo mwanafunzi angeyaona matokeo yake, mazuri au mabaya, na wazo hilo halijachakaa.

Wenye dhamana ya elimu wanaombwa waruhusu kila mkoa upande miti kwa msimu wake, ambao kwa mikoa ya kati ni Januari, shule zinapofunguliwa na mvua ingalipo. Kila mche ukabidhiwe wanafunzi wawili au watatu wanaoishi jirani na shule, pamoja na chupa iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa kando ya shina ili idondoshe maji taratibu. Na takwimu inayopelekwa halmashauri iwe ya miche iliyo hai Novemba, si ya miche iliyopandwa Aprili.

Msomaji,
Dodoma