Afya ya Familia: Nyonga ya Bandia Inapoanza Kuuma Tena



Jumapili moja hapa Tabora, ibada ilipokwisha, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki kwenye benchi wenzake walipoinuka. Miaka 14 kabla ya hapo alikuwa amewekewa nyonga ya bandia, akapona, akarudi kwaya na shambani. Sasa, kwa karibu mwaka mzima, alikuwa akitembea nyumbani kwa kushika kuta. Tulipomwuliza kwa nini amenyamaza, alijibu: "Wanangu, watoto waliuza ng'ombe kwa ajili ya mguu huu. Nitawaambiaje kwamba umeharibika?"

Je, mama yako au mama mkwe wako hanyamazi hivyo?

Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Mwaka 1962, daktari Mwingereza John Charnley alianza kutumia kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu, akavishika kwa saruji maalumu ya mifupa. Msingi huo unatumika hata leo. Lakini fikirieni kinu na mchi: ukitwanga kila siku, kinu huchimbika. Vivyo hivyo kikombe husagika polepole. Vumbi lake huuchokoza mwili, nao huanza kuula mfupa ulio jirani, na nyonga hulegea.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa katika kila nyonga za bandia 100, karibu 58 hudumu miaka 25. Nyingine huharibika mapema zaidi. Basi hiyo si laana wala jicho la jirani. Vijana wenye selimundu wajue hili mapema, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuua kichwa cha nyonga kwa kukosa damu. Anayewekewa nyonga ya bandia akiwa kijana huenda akahitaji ya pili.

Dalili za kuangalia ni hizi:
- maumivu mapya kwenye kinena au paja, hasa anapoinuka na kuanza kutembea;
- kuchechemea, au mguu mmoja kuwa mfupi;
- nyonga kuteguka;
- homa, uvimbe, au usaha kutoka kwenye kovu.

Nyonga ikiteguka, mguu usiposimama baada ya kuanguka, au kukiwa na homa na usaha, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msikubali mguu ukandwe wala kuvutwa na mtu yeyote mtaani.

Kwa nini tusingoje? Kwa sababu upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza. Huchukua muda mrefu, damu nyingi hupotea, na nyonga mpya huhitaji mfupa wa kushikilia. Kadiri mfupa unavyoliwa, ndivyo kazi inavyozidi. Kama kuna vijidudu, mara nyingi mgonjwa hupasuliwa mara mbili: kwanza kuondoa nyonga ya zamani na kutibu, kisha, baada ya wiki au miezi, kuweka mpya.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mpate barua ya kwenda Hospitali ya Kitete. Daktari akiona inafaa, atawaelekeza kwa mabingwa, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Chukueni picha za zamani za eksirei na karatasi za upasuaji wa kwanza. Ulizeni mapema bima inalipa nini, na tafuteni ndugu wa kutoa damu.

Nyumbani, andaeni kitanda na kiti vya juu, na kiti cha choo. Kigoda, mkeka, fagio fupi na kuchuchumaa viwekwe kando mpaka daktari aruhusu. Mpangeni pia nani atachota maji na nani atapika, asije mgonjwa akainuka kwa aibu.

Yule mama tulimsindikiza. Eksirei ilionyesha kikombe kimelegea. Wanawe hawakulaumu fedha za ng'ombe. Walilia kwamba mama yao aliumia peke yake. Alipasuliwa Dar es Salaam, na leo anakuja kanisani kwa fimbo. Shambani hajarudi, lakini kwaya anaimba.

Sisi wa Tabora ni wajukuu wa wapagazi waliopita njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Hawakusafiri mmoja mmoja; walikwenda kwa msafara. Hata yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko alifika mbele ya Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba. Mwezi huu, mtazame mama yako anavyoinuka kitini. Kisha mwulize.