Froome alikuwa na Giro, lakini Julai 2018 nahodha nani?

Hapa Gilgil mwaka 2018 niliwakuta vijana wakibishana kibandani juu ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Mei 27 mwaka huo alitwaa Giro. Wakati huo alikuwa na Tour, Vuelta na Giro kwa mpigo. Kwao, kwenye Tour ya Julai wenzake saba wa Sky wamkingie upepo yeye tu.

Mimi nilisita. Kesi ya salbutamol, dawa ya pumu, ilikuwa haijaisha. Miguu ilikuwa imechoka na Italia. Geraint Thomas naye alikuwa ametoka kushinda Dauphiné. Mwaka 2012 Froome mwenyewe alizuiwa milimani amngoje Wiggins. Uchungu huo anaujua.

Kweli, manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini niliona Thomas asifungwe mapema. Milima iamue.