Jasho Letu, Mali Yao

Wadau, nimepotea wiki mbili, testi zimenibana mbavu. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Lile tangazo la shindano la kuchora picha za Kusadikika mmeliona wote. Mshindi anapata laki tatu na mchoro wake unatoka kwenye kalenda. Mimi nililipokea kwa mikono miwili. Kitabu cha Shaaban Robert kilitoka 1951, na wengi wetu tulikisoma sekondari kwa kukariri dhamira na ujumbe ili tufaulu, tukasahau kwamba ile ni njozi hasa. Nchi nzima inaning'inia hewani! Wajumbe wanatumwa pande nne za dunia, mwingine mbinguni, mwingine ardhini. Nani asiyetaka kuchora kitu kama hicho?

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja alikesha kwa siku kumi. Kalamu za wino kanunua kwa bumu. Usiku mmoja akaniamsha saa tisa kuniuliza, eti watu wa hewani maji wanachota wapi? Nikamtukana, nikalala. Asubuhi nikakuta amechora akina mama wamepanga foleni ya madebe chini ya wingu. Jamani, ile picha! (Wengine niliowaona wanachora majumba ya Ulaya yenye minara na theluji. Sijui theluji wameitoa ukurasa gani.)

Juzi kaniletea fomu: "We si unasoma sheria, hebu nicheki hapa." Sharti la 9, maandishi kama sisimizi. Picha ZOTE zitakazowasilishwa, zishinde zisishinde, zinakuwa mali ya waandaaji. Wanaweza kuzitumia popote, kuzibadilisha, bila malipo na bila kutaja jina la mchoraji.

Zote, wazee. Tuseme washiriki wamefika sitini: laki tatu gawanya kwa sitini, ni elfu tano kwa picha. Hata karatasi na wino hairudishi. Hilo siyo shindano, hapo mtu ananunua ghala la michoro kwa bei ya mchoro mmoja.

Nimewauliza, nikajibiwa kwamba hakuna aliyelazimishwa, na kwamba wasanii wachanga wanapewa nafasi ya kuonekana. Kuonekana vipi kama jina halitajwi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoumbwa, huhitaji kwenda kuisajili kwanza, na inamtambua mwandishi au mchoraji kuwa na haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake isichakachuliwe. Sasa fomu ya ukurasa mmoja inataka uyaache yote hayo kabla hata hujajua kama umeshinda.

Sikatai, waandaaji wana mahitaji yao. Huwezi kufanya maonyesho kama huna ruhusa ya kutundika picha ukutani. Basi waombe hiyo ruhusa! Na ya kalenda wainunue kwa mshindi, ndiyo maana ya laki tatu. Za walioshindwa wanazitakia nini?

Kinachonichoma zaidi ni kitabu chenyewe. Karama anasimamishwa mbele ya mfalme, waziri Majivuno anamshitaki, na kosa lake ni lipi? Alitaka watu wafundishwe uanasheria. Leo unamchora Karama anajitetea, ukimaliza unageuza karatasi unasaini sharti ambalo Majivuno mwenyewe angelipigia makofi.

Jamaa yangu bado hajapeleka picha. Mwisho ni Ijumaa. Tumeandika barua fupi: haki ibaki kwa mchoraji, waandaaji wapewe ruhusa ya kuonyesha kwa mwaka mmoja, jina litajwe kila mahali. Wameshasaini kumi na wanne, na wawili kati yao ni wale wa theluji, nimewasamehe. Barua iko mezani chumbani kwetu mpaka Alhamisi usiku. Mkikuta mlango umefungwa, tuko kwa mama ntilie.