MWENYE HELA KANUNUA SAA, ILA ANAJUA KAMNUNUA NANI?

Wenye hela zao Marekani wana ugonjwa wa saa za kale za macho. Sio za mkononi hizi. Ni sanamu ya mtu ya chuma kizito, kimo kama sentimita 40, na uso wa saa uko tumboni. Ukiitia ufunguo, macho yanapanda na kushuka kufuata mapigo ya saa. Mara ya kwanza lazima ucheke.

Ukimaliza kucheka, angalia nani kachorwa pale.

Kampuni iliyotamba kwa saa hizi ni Bradley & Hubbard ya mji wa Meriden, Connecticut, iliyoanza miaka ya 1850. Wazungu walipewa heshima zao: mwanajeshi wa vita vya uhuru wa Marekani, na John Bull, yule bwana mnene anayewakilisha Uingereza. Mtu mweusi je? Kuna Sambo, mpiga banjo. Kuna Topsy, kabinti ka kitumwa kutoka riwaya ya Uncle Tom's Cabin ya mwaka 1852. Yaani kitabu kimeandikwa kupinga utumwa, halafu wafanyabiashara wakamchukua mtoto wa watu wakamfanya pambo! Utumwa ukafutwa mwaka 1865, lakini macho ya Topsy yakaendelea kuchezeshwa sebuleni kwa watu.

Sasa wapo wanaosema zivunjwe zote. Hapana. Ukivunja unamsaidia aliyekutukana kufuta ushahidi. Ndio maana wapo mastaa weusi wa huko, tena waigizaji wakubwa, wanaonunua vitu vya aina hii kwa hela zao. Kule Michigan, Chuo Kikuu cha Ferris State kina makumbusho nzima ya vitu vya kumdhalilisha mtu mweusi, wanafunzi wanafundishwa kwavyo. Huko saa hizi zina kazi.

Tatizo ni yule anayeiweka pembeni ya vase ya maua, anapiga picha, anaposti na emoji ya kucheka, basi. Ukimuuliza anakujibu ni sanaa tu. Kama ni sanaa tu, mbona hasemi yule binti ni nani?

Na wabaya zaidi ni wanaotengeneza feki. Feki zipo kibao: chuma kimekwaruza, maungio yana mianya, rangi inang'aa mpyaaa. Saa ya zamani angalau utasema ni historia. Hii iliyomiminwa juzi ni historia ya nani? Hilo ni tusi jipya, linauzwa kwa bei ya la zamani.

Mwenye nayo aitunze, ila akiwa na wageni asimulie yote. Akiona aibu kusimulia, hiyo saa haikuwa yake kununua.

Wewe ungeiweka sebuleni kwako? Funguka hapo chini.